Rundo la Namkunda

Sogeeni, wajukuu zangu, mwenye baridi aingie kwenye shuka langu. Hapo kale, kale ile ambayo bibi wa bibi yangu aliikuta imeshazeeka, huku huku kwetu Upare palikuwa na mjane aitwaye Namkunda. Marehemu mumewe alikuwa mgeni asiyejulikana ukoo. Njaa ilipopiga, Namkunda akaokota watoto sita, akawalea. Hakuzaa hata mmoja. Mnasikia? Hata mmoja!

Shida yake ilikuwa maji. Maji ya ndiva, lile bwawa la mashamba, yaligawiwa kwa majina ya koo. Huna ukoo, huna zamu. Maharage yake yalikuwa yananyauka, na watoto walishalala njaa siku mbili.

Ikafika siku ya kuzoa tope la ndiva. Kila ukoo ukazoa, ukaweka rundo lake. Namkunda naye akashuka na wanawe. Wakazoa, wakazoa, wakazoa mpaka nyusi zikajaa tope. Sasa desturi ilikuwa hivi: maji hayafunguliwi mpaka kila rundo litajwe mwenyewe. Mzee Sengondo, mgawa maji, akataja koo zote. Rundo moja likabaki.

"Hili la nani?"

Namkunda hakuwa na jina la ukoo la kutaja. Jua likawaka.

Mzee Sengondo akamsogelea Namkunda. Hakuwa mtu mbaya, jamani, alikuwa mtu wa desturi tu. "Mama, sema ni letu, la ukoo wangu. Utaingia kwetu, utapata zamu. Hao watoto tutawagawa, kila nyumba mmoja, wachunge mbuzi."

Namkunda aliyatamani yale maji, asiwadanganye mtu. Akawatazama wanawe, wameshikana mikono.

"Baba, rundo wamezoa hawa. Nikilitoa, nimewatoa wao. Sitaki."

Watu wakaguna. "Mwanamke huyu anatukaushia mashamba!"

Ndipo binti mdogo, Nampombe, ambaye tangu aokotwe hakuwahi kufungua mdomo, akapanda juu ya tope. "Ni letu! Sisi ni wa Namkunda!"

Namkunda akaangua kilio. Mzee Sengondo akakuna kichwa. Ukoo wa jina la mwanamke! Akatazama jua, akatazama mashamba, akapaza sauti: "Ukoo wa Namkunda!" Maji yakafunguliwa.

Wale sita walipokua wakatawanyika, Same mpaka Korogwe, na kila mmoja akaokota mtoto asiye na kwao, akampa jina lile. Ndiyo maana sisi akina Namkunda hatufanani, huyu mrefu kama mlingoti, yule kajaa kama mtungi. Wa kwako ni yule anayekataa kukuacha, wajukuu zangu. Mimi mwenyewe mnayeniita babu niliokotwa sokoni.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyesinzia abebwe.