Tumbo la Nyani na Sikio la Bi Pimbi

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na jua, na mti, na mwenye njaa.
Mwenye njaa nani?
Sisi sote. Simulia tule.

Basi kaeni vizuri. Na wewe hapo nyuma acha kutafuna, utanisahaulisha. Hapo kale, wanyama walipokuwa na adabu kuliko watu, jambo ambalo si gumu sana, paliondokea Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: yule mnyama wa majabalini, mfupi, mkia hana, na akikutazama unadhani umemkosea. Alikuwa na watoto watano, na maziwa ya kuwatosha wawili.

Kaskazi ikaingia. Jua, jua, jua. Nyasi zikakauka, kidimbwi kikawa tope, tope likawa vumbi. Kilichobaki cha kutia mdomoni kilikuwa zambarau za mzambarau mkubwa wa bondeni, na baada ya zambarau mabungo, na baada ya mabungo matikiti-mwitu. Ndivyo kaskazi ilivyo, inakukausha huku inakuletea vyenye maji. Mwenye akili hula kilichoiva siku hiyo, akishiba anakwenda zake kivulini kulala.

Lakini nchi ile ilikuwa na desturi ya kulimbua. Tunda la msimu mpya haliguswi na mtu mpaka mlimbuaji alionje kwanza na kusema, "Nimelimbua, kuleni." Zamani mlimbuaji alikuwa Kobe, naye alikula tunda moja tu, ingawa alilitafuna tangu asubuhi mpaka adhuhuri na wenziwe wakimngoja kwa heshima. Kobe alipozeeka akajiuzulu. Kazi ikachukuliwa na Nyani Makoromeo, dume kubwa la chonge ndefu, na hakuna aliyempa. Aliichukua tu.

Nyani Makoromeo hakuonja tunda, alionja mti. Alipanda mzambarau akaonja tawi la mashariki, akaonja tawi la magharibi, akasema bado hana hakika, akaonja la katikati. Mwaka uliopita alionja siku tisa. Siku ya kumi akateremka, akajifuta mdomo, akatangaza, "Nimelimbua, kuleni." Wanyama wakakimbilia mtini wakakuta kokwa. Bi Pimbi aliwalisha wanawe magome ya miti mwaka ule. Walikuwa sita.

Safari hii alipoona zambarau zinaanza kuwa nyekundu, moyo ulimwuma. Kupigana na Nyani hawezi, maana angemmeza na bado akatafuta kitafunwa. Kumwomba walishamwomba wote, naye huwajibu kwamba kazi ya kuonja ni nzito na wao wamshukuru anavyojitolea. Bi Pimbi akakaa juu ya jabali lake akiwaza, watoto watano wamemlalia.

Makoromeo hakuwa na subira. Zambarau hazijaiva vizuri, zingali ngumu na chachu, akapanda akaonja tawi zima. Saa ile ile tumbo likaanza. Ngurrr, ngurrr, ngurrr! Akateremka ameshika kitovu, akapita kwenye majabali akilia kwa sauti ya chini ili asionekane analia.

Bi Pimbi akamwamkia kwa adabu, akamwuliza kulikoni mzee wetu. Nyani akasema hakuna kitu, ni tumbo tu linapiga kelele. Bi Pimbi akasogea, akaweka sikio lake dogo juu ya lile tumbo kubwa, akafumba macho. Ngurrr, likasema tumbo.

"Bwana Makoromeo," akasema taratibu, "hili halipigi kelele. Linasema."

"Linasema nini?"

"Naona haya kurudia."

"Rudia."

"Linasema, mimi ni tumbo la mkubwa, mbona nalishwa vya msimu kama tumbo la kila mtu? Linataka kunazi."

Nyani akatoa macho. Kunazi huiva wakati wa kipupwe, kwenye baridi, na huku jua linapasua mawe. Akasema kaskazi hii kunazi hazipo. Bi Pimbi akamwambia ndiyo maana hata yeye alishangaa, lakini yeye hasemi kitu, yeye ni sikio tu. Vilivyopo huliwa na wanyonge. Tumbo la mkubwa labda linajua lake.

Neno hilo lilimwingia Nyani. Akajiona mrefu. Akarudi mzambarauni siku zambarau zilipoiva, wanyama wote wamejipanga roho mkononi, akachuma moja, akaitia kinywani, akaitema, pfu! Akatangaza kwa dharau, "Nimelimbua, kuleni hivyo vyenu." Akaenda zake kukaa chini ya mkunazi. Mkunazi ulikuwa miiba mitupu.

Walikula siku hiyo. Digidigi alikula, Kanga alikula, Kobe alikula moja akaendelea nayo. Watoto wa Bi Pimbi walikula mpaka ndimi zikawa zambarau, meno zambarau, vidole zambarau. Na mimi niwaambie jambo: hakuna aliyevimbiwa. Kila mtoto aliposhiba aliacha, akamwegemea mwenziwe, akasinzia. Bi Pimbi alipowatazama matumbo yao yanavyopanda na kushuka, alilia kidogo, na hakujificha.

Zambarau zikaisha, mabungo yakaanza kuwa manjano. Nyani akarudi kutoka mkunazini. Amekonda, miiba mgongoni, na tumbo sasa linapiga ngurrr za njaa, kubwa kuliko zile za uchachu. Akamwambia Bi Pimbi kwamba tumbo limezidi kusema, tafadhali alisikilize tena.

Bi Pimbi akaweka sikio. Akafumba macho. 

"Linashukuru kwa kukaa mkunazini," akasema. "Ila limebadili nia. Sasa lataka ukwaju."

Nyani akauliza kwa unyonge kama halikutaja mabungo hata kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alipita karibu na mbungo na harufu yake ilimpata vibaya. Bi Pimbi akajibu kwamba alisikiliza sana neno mabungo na hakulisikia. Nyani akameza mate. Akaenda kwenye mbungo, akalamba moja, akafumba macho kwa utamu, akakumbuka ukubwa wake, akatema, pfu! "Nimelimbua, kuleni." Akaenda kukaa chini ya mkwaju uliokuwa na maua matupu.

Wakala mabungo. Nchi nzima ikawa inanuka mabungo. Watoto wa Bi Pimbi wakapata manyoya yanayong'aa, na yule wa mwisho, aliyekuwa hata hasimami vizuri, akaanza kuruka jabali hadi jabali.

Kisha yakaja matikiti-mwitu, yale madogo yenye maji mengi kuliko nyama, nayo yalikuja wakati kidimbwi kimebaki jina tu. Yakaja pia mashaka, maana mlimbuaji hakutokea. Siku ya kwanza hakutokea. Siku ya pili hakutokea. Wanyama walikuwa na kiu, matikiti yako chini ya miguu yao, na hakuna anayethubutu. Bi Pimbi akaingiwa na hofu. Alimtaka Nyani akae mbali na chakula cha wanawe, hakumtaka afe. Akashuka majabalini mchana wa jua kali, akaenda mkwajuni.

Alimkuta amejikunja chini ya maua, mbavu zinahesabika, chonge zimekuwa kubwa kuliko uso. Bi Pimbi alimhurumia, na huruma ile ilimkera, kwa sababu alikuwa na watoto watano ambao wangekuwa sita.

"Mama," Nyani akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "hebu liulize. Hivi haliwezi kukubali kitu ambacho kipo?"

Bi Pimbi akaweka sikio. Safari hii hakufumba macho. Tumbo lilikuwa limechoka, lilipiga ngu moja tu, likanyamaza.

"Linasema litakubali," akasema. "Lina sharti. Ulimbue tikiti moja. Moja, Bwana Makoromeo, kama Kobe. Useme neno, kisha urudi nyuma ya foleni, nyuma ya watoto."

"Nyuma ya watoto wako?"

"Mimi sikutaja watoto wangu. Ni tumbo lako lililowataja."

Wakaenda pole pole, mdogo mbele, mkubwa nyuma. Nyani akapasua tikiti moja, akala, akasema neno kwa sauti iliyokauka. Kisha akaenda mwisho wa foleni, akasimama nyuma ya mtoto wa Pimbi aliyemfika kwenye kifundo cha mguu. Walipokula wote, bado yalibaki matikiti mengi. Akala matatu. La nne akalishika, akalitazama, akaliweka chini. Alikuwa ameshiba. Jambo lenyewe lilimshangaza hata akakaa chini.

Basi tangu siku hiyo Makoromeo alilimbua tunda moja kila msimu. Mtasema ametahayari? Hata. Kaskazi iliyofuata alikuwa akizunguka nchi nzima, akiwafundisha nyani wenziwe, kidole juu, kwamba kula ni elimu: ule kilichoiva, ulisikilize tumbo, likisema basi iwe basi. Akasema aliigundua mwenyewe, alipojitenga kwa makusudi chini ya mkunazi kutafakari. Nyani wakamwita Mwalimu. Siku moja akafika hadi majabalini, akamweleza na Bi Pimbi somo lile lote, mwanzo mpaka mwisho, akamsihi alishike vizuri kwa sababu ana watoto wa kulea. Bi Pimbi alikuwa amejaza mdomo zambarau. Akaitikia kwa kichwa, akamshukuru Mwalimu kwa elimu, akatema kokwa tano, moja baada ya nyingine, akawahesabu wanawe kwa hizo kokwa. Wote walikuwepo.

Sasa funzo, kwa kuwa mmelipia kwa kukaa kimya. Hadithi hii inatufunza kwamba vya msimu ni vya wanyonge. Kwa hiyo, wapenzi wasikilizaji, kaskazi hii mkiona embe limeiva mbele yenu, msiliguse. Nendeni mkakae chini ya mti usiozaa, mlisikilize tumbo. Kama hamsikii vizuri niiteni mimi, sikio ninalo. Na hilo embe msiwe na wasiwasi nalo, nina wajukuu saba.

Hapa ndipo ninapoitema kokwa ya hadithi. Aliyeiona tamu alambe vidole, aliyeiona chachu akatafute chumvi.