Aliyeizima Sauti ya Yusta

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na mazimwi, ni zamani ya juzijuzi ambayo hata wengine wenu mlishaota meno, alikuwako Morogoro mtu mmoja aliyeitwa Gervas Lukwele. Sogeeni, kaeni vizuri. Hadithi hii nimeibeba peke yangu muda mrefu, na leo nataka mnipokee mzigo.

Gervas alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya reli ya kati. Wenzake wakifika Kigoma walinunua dagaa na mawese, yeye alinunua santuri. Tabora, santuri. Dodoma, santuri. Kilosa treni ikisimama dakika kumi tu, Gervas huyo mbio sokoni, anarudi na santuri kwapani na filimbi ya stesheni imeshalia. Alipostaafu alikuwa nazo mia tisa na ushee. Zilisimama wima ndani ya masanduku ya mbao kuizunguka sebule yote, na wageni wakija walikaa magoti yakigusana.

Alikuwa na taratibu zake. Jumapili akitoka misa ya kwanza, chai hata hajaionja, alileta beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kipande cha kanga kuukuu, akaosha santuri kumi, hazipungui wala hazizidi, akazikausha kivulini. Alizishika ukingoni kwa viganja, vidole havigusi. Akipiga pasi, taarabu. Akila chakula cha mchana, rumba. Mpira aliusikiliza redioni, na timu yake ikifungwa aliweka twisti ya kasi akacheza peke yake mpaka hasira zimwishe. Muziki wa vijana aliuita kelele za mashine ya kukobolea. Na kuazima? Hakumwazima mtu. Padri aliomba santuri moja ya kwaya, akanyimwa na soda akapewa.

Katika hizo mia tisa, moja ilikuwa roho yake.

Ilikuwa santuri ndogo, ya wimbo mmoja kila upande. Upande wa pili aliimba mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mwanamke huyo ni Yusta, mke wa Gervas. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwimbaji wa kwaya ya parokia, siku bendi moja ya mjini ilipokwama kwa kuuguliwa na mwimbaji wake. Wakamwomba Yusta, akaimba mara moja tu, akarudi nyumbani kupika. Hakuimba tena na bendi maisha yake yote. Wimbo wenyewe ulianza hivi: "Nilikuachia taa, wewe ukaja mchana." Gervas aliusikia kwenye kantini ya stesheni kabla hajamjua mwimbaji, akamtafuta mwimbaji, akamwoa. Santuri yenyewe aliitafuta miaka kumi na saba zaidi.

Alipoipata akaogopa. Aliogopa wezi, aliogopa wakusanyaji wenzake, ambao kwa santuri adimu wanasahau hata salamu. Basi akafanya ujanja wa wakusanyaji. Akaitoa kwenye jalada lake, akaitia ndani ya jalada la santuri ya mafunzo ya kilimo cha pamba. Nani ataiba kilimo cha pamba?

Ujanja huo alifundishwa na rafiki yake Shaweji, fundi saa wa mtaa wa pili, naye mkusanyaji wa siku nyingi. Lakini kilichofichwa humo hakumwambia Shaweji, wala hakumwambia mtu yeyote.

Na binti yao yuko. Leokadia, mwalimu wa Kilosa, mtoto wa pekee. Mara tatu Leokadia alimwambia baba yake, "Baba, lete ile santuri nimrekodi mama kwenye simu, iwe akiba." Mara tatu Gervas alikataa. "Sauti ya mama yako ikiingia kwenye simu itazurura kwa kila mtu. Hapana." Leokadia akaacha kuomba.

Sasa Yusta akaugua moyo.

Jumatatu moja, mwezi wa nne wa ugonjwa, akamwita mumewe. "Baba Leo, niwekee ule wimbo wangu." Gervas akasema, "Mama Leo, sindano ya gramafoni imechakaa, itaikwangua santuri. Nimeagiza mpya Dar es Salaam. Subiri kidogo."

Jumatano akamwita tena. "Baba Leo, niwekee ule wimbo wangu." Gervas akasema, "Sindano iko njiani, Mama Leo. Subiri kidogo."

Ijumaa akamwita tena, sauti imeshakuwa ndogo. "Baba Leo." Gervas akasema, "Kidogo tu." Yusta akamwangalia mumewe kwa upole, tena upole ule ndio uliomuuma. Akasema, "Basi. Siku ya arobaini yangu, uwawekee watu. Wajukuu wangu wausikie." Gervas akamshika mkono, akaapa.

Jumanne asubuhi Yusta akafariki.

Mnajua msiba wa kwetu ulivyo. Watu wakishapata habari, cha kwanza ni kutoa vitu sebuleni, mikeka itandikwe, wafiwa wakae chini. Makochi yakatoka, meza ikatoka, kabati la vyombo likatoka. Yakabaki masanduku ya santuri. Chumba cha kulala kilikuwa cha kinamama waliokuwa na maiti, na chumba kingine kilijaa wageni wa Kilosa. Leokadia akamfuata baba yake aliyekuwa amejiinamia nje. "Baba, santuri tuziweke wapi?" Gervas hakuinua hata kichwa. "Wekeni popote."

Leokadia akaonyesha stoo ya nyuma, ile ya mkaa, iliyoezekwa bati. Masanduku yote yakaingia humo, na dirisha likafungwa kwa sababu ya wezi. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mvua haijaonja ardhi, na jua la Morogoro la mwezi huo halihitaji kuelezwa.

Siku ya pili, saa nane mchana, Shaweji akaenda uani kuchukua majembe, akapita karibu na stoo. Akausikia mlango una joto. Akaufungua, akashika kichwa. Bila kumwita mtu akachukua toroli na kuanza kuzihamisha zilizo bora kwenda kwake, mtaa wa pili, azilaze chini ya kitanda penye ubaridi. Safari ya kwanza, santuri adimu za Kongo. Safari ya pili, bendi za zamani. Safari ya tatu, taarabu. Aliporudi kwa safari ya nne akasikia watu wanainua jeneza. Kwenye sanduku la mwisho aliona hotuba, hadithi za watoto na kilimo cha pamba. Akaegesha toroli, akaenda kuzika.

Msiba ukatulia, masanduku yakarudishwa sebuleni na majirani, na Shaweji akarudisha zake moja baada ya nyingine. Gervas hakuzigusa. Mpaka arobaini iishe hakuna muziki kwenye nyumba hiyo, na yeye alilishika sharti hilo kwa nguvu zote, hata jalada hakufungua, hata vumbi hakufuta. Sindano mpya ikaja siku nane baada ya mazishi. Aliitia mfukoni mwa shati, akawa anaigusagusa kila alipomkumbuka mkewe, yaani kutwa nzima.

Siku ya arobaini ikafika. Watu wakala, wakasali, wakakusanyika sebuleni. Wajukuu wakaketi mbele. Gervas akasimama na kusema kwamba bibi yao ameacha neno, na neno lake ni wimbo. Akafunga sindano mpya. Akaenda kwenye sanduku la mwisho, akatoa kilimo cha pamba, na Shaweji, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasimama bila kujijua.

Santuri ilitoka imepinda. Ilikuwa imejikunja ukingoni kama chapati iliyosahaulika jikoni. Gervas akaiweka hivyo hivyo. Sindano ikapanda, ikashuka. Sauti ya msichana wa miaka ishirini ikasema, "Nilikuachia," sindano ikaruka. "Nilikuachia," ikaruka. "Nilikuachia." Mara saba. Ya nane ikawa mkwaruzo mtupu. Gervas akauinua mkono wa gramafoni.

Hapo akasimama Mzee Bonaventura, kaka wa Yusta. Kwa Waluguru mjomba si mgeni wa kupewa kiti tu, neno la dada yake ni lake. Alikuwa ameshika ufagio, maana katika ukoo wao yeye ndiye hufagia nyumba msiba ukiisha. Akasema, "Nyumba yenye neno sifagii mimi. Dada yangu kaomba jambo moja tu, na jambo hilo limezimwa. Nani kaizima sauti yake?"

Ndipo wakaanza kusukumiana. Shaweji akasema santuri haikujipeleka stoo. Leokadia akasema kama ingeandikwa jina la mama isingeachwa na pamba. Gervas akasema nyumba ilijaa watu wazima siku ile. Mjomba akagonga sakafu kwa mti wa ufagio.

"Nisikilizeni. Kesho asubuhi nitakwenda kaburini na mtu mmoja. Mmoja, si watatu, kwa sababu mkienda watatu kila mtu atajificha nyuma ya mwenzake. Huyo mmoja, mwenye kosa, atapiga magoti aseme na Yusta kwa kinywa chake, amwombe radhi, na Yusta atamsikia. Baada ya hapo neno hili halitajwi tena."

Gervas akayarudia maneno hayo moyoni. Aseme neno na Yusta, mara ya mwisho, na kuna mtu ameahidi kwamba atasikia. Akatazama kando, akaona uso wa binti yake, akaona uso wa rafiki yake, akajua nao wamefikiri hivyo hivyo.

Leokadia akapiga magoti wa kwanza. "Mjomba, niende mimi. Nilifuata desturi, ni kweli. Nilimuuliza baba, ni kweli. Lakini mimi nimelelewa na santuri hizi, nilichapwa nikiwa na miaka sita kwa kuiacha moja dirishani. Jua linafanya nini nilijua. Na tena, Mjomba, nisamehe, zilipokuwa zinatoka sebuleni nilifurahi. Nilisema moyoni, leo mama amepata nyumba yake. Nilifunga lile dirisha kwa mkono huu. Kosa ni langu, niende mimi."

Watu wakasema, kweli, ni Leokadia.

Shaweji akavua kofia yake. "Mzee wangu, niende mimi. Niliziokoa mia nane, hakuna aliyeniambia. Niliacha sanduku moja nikamzike shemeji yangu, na nani atanilaumu kwa hilo? Lakini ujanja wa kubadilisha majalada nilimfundisha mimi. Mtu mwingine yeyote angeona pamba akaona pamba. Mimi nilipaswa kushtuka. Ningefungua jalada moja tu, si zaidi ya kupepesa jicho. Nilizichagua kwa thamani ya sokoni, Mzee, katika nyumba ya msiba. Na shemeji huyu alinilisha miaka thelathini. Kosa ni langu, niende mimi."

Watu wakasema, kweli, ni Shaweji.

Gervas hakupiga magoti, aliegemea masanduku yake. "Shemeji, hawa wawili waliiharibu santuri. Santuri ni plastiki. Mimi niliificha, mimi nilikataa isirekodiwe, mimi nilisema wekeni popote. Hayo yote mngenisamehe. Lakini Yusta aliniomba mara tatu akiwa hai. Sindano mbovu ingeikwangua kidogo tu, angeusikia wimbo wake, angecheka. Nikamnyima. Nikaitunza sauti yake, yeye mwenyewe nikamwambia asubiri." Akalia, mzee mzima, mbele ya wajukuu. "Sitaki mtu aniondolee. Niende mimi."

Watu hawakusema kitu.

Lakini Leokadia akainua uso, akamkata baba yake kauli, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Baba, wewe ulimuuguza miezi minne. Ulimwogesha, ulimlisha, ulisema naye kila siku, na siku ya mwisho alikushika mkono. Mimi nilikuwa Kilosa nasahihisha mitihani. Nilifika ameshafunikwa shuka. Wewe umeshamuaga. Mimi bado."

Na Shaweji akasema taratibu, "Ninyi wawili ni damu yake na nyumba yake. Mtakwenda pale kila mwaka na maua, mtasema naye mpendavyo. Mimi ni mtu baki. Nisipokwenda kesho nikiwa mkosaji, nitakwenda lini, na nikiwa nani?"

Mzee Bonaventura akamtazama Leokadia. Akamtazama Shaweji. Akamtazama Gervas, akamtazama zaidi. Ufagio ukahama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Alifungua kinywa, akakifunga.

Nami nakomea hapo alipofungia yeye, maana waliokuwako kila mmoja ananisimulia jibu lake, na hakuna mawili yaliyo sawa. Mzigo ndio huo, upokeeni. Mwenye kosa ndiye wa kwenda, na wa kwenda ndiye wa kusikilizwa na Yusta kwa mara ya mwisho. Alikuwako aliyefunga dirisha, alikuwako aliyeacha jalada bila kulifungua, alikuwako aliyesema subiri.

Je, ninyi mliokaa hapa, ufagio ungekuwa mikononi mwenu mngemchukua nani? Nani alistahili kupiga magoti kaburini kwa Yusta?