Meno ya Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa shimo.

La nani?

La mwenye kelele za kudai. Na wewe uliye nyuma, acha kupiga miayo, bado sijaanza.

Hapo zamani, zamani za kale, Mama Ngiri alipanga shimo kwa Nungunungu. Kodi ilikuwa mzizi mmoja kila jioni. Mama Ngiri akaguna, akachimba, akalipa.

Akazaa. Nungunungu akaja mlangoni, miiba ikilia cha-cha-cha. "Wanao wananichakazia sakafu. Sasa mizizi miwili." Mama Ngiri akaguna, akachimba, akalipa.

Mvua ikanyesha. Cha-cha-cha! "Umelala pakavu, sivyo? Ukavu haupatikani bure. Mizizi mitatu!" Mama Ngiri akaguna, akachimba, akalipa. Wanawe wakala maganda. Yeye akala mate.

"Baba Nungunungu, nimechoka," akasema. "Nikihama, watoto watalowa. Nikikaa, nitakufa nachimba."

"Si ununue basi! Kupanga ni kumwaga maji mchangani. Nipe hayo meno yako mawili yaliyopinda, shimo liwe lako." Nungunungu bwana, kuguguna mifupa na pembe kwake ni halua.

Shimo lake mwenyewe! Hakuna tena cha-cha-cha mlangoni. Mama Ngiri akakubali. Wakamwita jirani yao, Kanga, awe shahidi, maana huko shimo haliuzwi jirani asipoona, na jirani haoni kabla hajala. Mnunuzi ndiye anayelisha.

"Shoga, shahidi hali maneno," Kanga akasema. "Nichimbulie vijizizi kwanza."

Mama Ngiri akainama, akatia meno ardhini, akachimba. Mara akasimama, udongo ukimdondoka puani.

"Na kesho," akauliza, "nitachimba na nini?"

"Kesho ina Mungu," akasema Nungunungu. "Leo ng'oa!"

"Na wanangu wale sakafu?"

Kanga akacheka mpaka akakaa chini. "Nilidhani hutauliza, shoga!"

"Sinunui," Mama Ngiri akasema. "Napanga. Mizizi miwili, si mitatu. Kama hutaki, sema sasa hivi, ukachimbe mwenyewe."

Nungunungu akavimba, miiba ikasimama wima. Lakini kuchimba alikwisha kusahau. Akanywea. "Haya, miwili."

Tangu hapo, nguvu ya mzizi wa tatu Mama Ngiri akaipeleka kilimani. Kila jioni alichimba kidogo shimo lake mwenyewe. Shingo ilimuuma vilevile, msidhani. Masika yaliyofuata akahamia kwake. Hakupiga vigelegele. Alilala tu.

Na Nungunungu? Akatoka kutafuta mizizi, analia njia nzima.

Mpaka leo ngiri huingia kwake kinyumenyume. Meno hubaki mlangoni, ili anayekuja kudai akutane nayo kwanza.

Kupanga si aibu, wala kununua si kosa. Kosa ni kuuza jembe ili ununue shamba.

Hadithi yangu nimeiingiza shimoni. Utamu wenu, uchovu wa Mama Ngiri.