Fisi Alivyolia Matangani

"Ngano nimeibeba!"

"Itue tuione!"

"Ni ya uongo!"

"Ya kweli tumeichoka!"

Haya. Pimbi alikuwa na mwana mmoja tu, jina lake Chembe. Siku moja Chembe hakurudi malishoni. Pimbi akatafuta huku, hayupo. Akatafuta kule, hayupo. Basi akaweka matanga, wanyama wakaja kumpa pole.

Wa kwanza kufika alikuwa Fisi. Wa kwanza kulia alikuwa Fisi. "Uwii, mtoto wetu! Uwii!" Akajigaragaza, vumbi tifu tifu. Wenzake wakasema, loo, huyu ana huruma!

Pimbi hakusikiliza kilio. Aliketi mbele ya Fisi, akamtazama usoni, kisha akaomboleza kama mama wanavyoomboleza, akitaja mahali mwanawe alipopenda.

"Mwanangu alipenda mtoni, uwii!"

Uso wa Fisi ukatulia.

"Alipenda kichuguuni, uwii!"

Ukatulia.

"Alipenda shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, uwii!"

Ukope wa Fisi ukacheza, tik! Pembe ya mdomo ikapanda, ikashuka. Akameza mate, gudu! Kufumba na kufumbua, uso ukarudi msibani.

Pimbi akafurahi kimoyomoyo. Chakula ulichokwisha kula hukimezei mate. Chembe alikuwa hai!

"Shemeji Fisi," akasema, "leo tunachinja mbuzi. Kwetu, anayelia bila kupumzika hadi nyama iive ndiye anayepewa paja."

"Nitalia hadi kesho, shemeji!"

Fisi akafumba macho, akalia. Pimbi akaaga kwamba anakwenda kuchota maji. Mbio, mbio, hadi kwenye shimo la mhanga. Akasukuma jiwe, akamkuta Chembe amefungwa kamba, mzima. Akamkumbatia, akalia kidogo, kilio cha kweli.

Waliporudi, Fisi alikuwa bado analia, macho kayafumba. "Uwii, Chembe, hatutakuona tena!"

"Shikamoo, Mzee Fisi," akasema Chembe.

Fisi akafumbua macho. Safari hii hata kipofu angeusoma uso wake. Akatimka, paja akaliacha, na waombolezaji wakamfukuza hadi ng'ambo ya mto.

Uongo wangu umekwisha. Mwenye mtamu zaidi aulete.

Fundisho, wanangu: mtu akilia, yaaminini machozi yake. Msimkodolee macho usoni, ni utovu wa adabu. Bi Pimbi hakulelewa vizuri, kila mtu anasema hivyo. Anayemtetea ni Chembe peke yake.