Bi Kindi na Harufu ya Mvua

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia nyua zao kama sisi, jua liliwaka hadi mito ikakauka. Likabaki dimbwi moja tu, nalo likalindwa na Bwana Kifaru na shemeji yake, Nyati. Wanyama wadogo hawakuruhusiwa hata kulamba.

Bi Kindi alikuwa na watoto wawili na kibuyu kimoja cha maji, cha mwisho. Asubuhi akaenda kuomba.

"Ondoka!" akafoka Kifaru. "Subiri mvua. Mimi nitakuambia inakuja lini, maana naisikia harufu yake ikiwa bado mbali."

Bi Kindi alipenda kuuliza kuliko kula. Akasahau hata kiu. "Kumbe mvua ina harufu, Bwana Kifaru? Inanukia vipi?"

"Kama vumbi lililolowa, mjinga wewe!"

"Ala!"

Akarudi nyumbani akiwaza. Kama kinachonukia ni vumbi, pua inaijuaje mvua? Akadondosha tone moja kwenye vumbi la moto. To! Akainama, akanusa. Loo! Mvua tupu!

Akakitazama kibuyu. Akawatazama wanawe, midomo imewapasuka kwa kiu. Akikosea, hawana hata tone.

Akapanda kichuguu, upande ule upepo unakotoka kwenda dimbwini, akayamwaga maji yote vumbini. Shwaaa!

Kule dimbwini Kifaru akainua kichwa. "Mff! Mff! Shemeji, unasikia?"

"Mvua!" akasema Nyati. "Lakini mbona sioni wingu?"

"Wingu la nini? Pua yangu haijawahi kukosea! Inanyesha nyuma ya vilima. Twende tukawahi majani mabichi!"

"Na dimbwi je?"

"Waachie tope lao!"

Gidi! Gidi! Gidi! Wakakipita kichuguu mbio, wasimwone Bi Kindi aliyejibanza.

"Njooni!" akaita. Kanga, digidigi na panya wakajaa dimbwini, wakanywa, wakajaza mitungi. Watoto wa Bi Kindi wakanywa mpaka matumbo yakalia chubwi, chubwi.

Jioni wakubwa wakarudi, vumbi hadi masikioni.

"Pua yangu imenidanganya!" akalia Kifaru.

"Haikukudanganya, Bwana," akajibu Bi Kindi kutoka juu ya mti. "Vumbi lililowa kweli. Ila hukuuliza limeloweshwa na nani."

Basi wanangu, pua ikikuletea habari, litume jicho likaihakikishe kabla miguu haijaanza mbio.