Vitufe vya Bi Mwajabu

Asafishaye bila kuuliza ni mwizi mwenye ufagio. Mmelisikia neno hilo leo, mkacheka, mkataka kujua ni mwizi gani huyo anayetembea na ufagio. Haya, kaeni niwape chanzo chake. Ufagio wenyewe hakuwa nao. Alikuwa na cheti.

Kule upande wa Kondoa palikuwa na redio ndogo ya kijamii, na matangazo yake ya vifo yalisomwa na Bi Mwajabu Kidari, saa mbili asubuhi na saa moja jioni. Watu wa mashamba ya mbali, ambako simu haishiki hata upande juu ya paa, waliwasha redio saa hizo mbili tu. Wakishasikia nani amefariki na anazikwa wapi, wanazima. Betri si mahindi, useme utapanda nyingine.

Wafiwa walituma matangazo yao kwenye ukurasa wa redio mtandaoni. Anwani ya ukurasa huo ilikuwa ndefu kama ukoo wa chifu, hakuna aliyeikariri. Kwa hiyo Bi Mwajabu, ambaye shule ya kompyuta aliiona kwa nje tu, alijipangia kivinjari chake, lile dirisha la kompyuta la kuingilia mtandaoni. Juu kabisa uliwekwa upau wa menyu, ule ukanda wa maagizo, na chini yake vitufe vitano, kila kimoja kikifungua ukurasa wake kwa kubofya mara moja, alivyovipa majina mwenyewe: Vifo, Mifugo Iliyopotea, Mvua, Soko, na cha mwisho Fisi, maana mwaka ule fisi walikuwa na habari nyingi kuliko diwani. Akiwa hewani hata majina hayo hakuyasoma. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye kopo la chumvi jikoni kwako.

Jioni moja, akitoka kazini, alimkuta Issa wa Pahi anamngoja langoni.

"Bi Mwajabu, mzee wetu hali yake si nzuri. Likitokea la kutokea, nitatuma tangazo alfajiri. Dada yangu Zaituni yuko shambani nyuma ya milima. Hana njia nyingine ila sauti yako."

"Tuma tu, baba. Nitalisoma la kwanza."

Alikwenda nyumbani na ahadi hiyo kifuani. Nyuma yake, studio alibaki Fahadi, fundi mpya. Cheti chake cha kompyuta alikitia fremu, akakitundika juu ya meza yake ili wageni wasihangaike kuuliza. Vile vitufe vya Bi Mwajabu vilimkera kama nguo zilizoanikwa sebuleni. Akaketi kwenye kompyuta ya mama wa watu, akauficha upau wa vitufe, kisha akauficha na ule wa menyu. Dirisha likabaki jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Akalitazama, akaridhika na nafsi yake, akaenda kula.

Asubuhi Bi Mwajabu alifungua kivinjari wimbo wa matangazo ya vifo ukiwa umeshaanza, kama kawaida yake. Mkono ukaenda mahali pake. Hapakuwa na kitu. Akatafuta menyu ambayo huko nyuma ilimsaidia kurudisha vilivyopotea, nayo haipo. Mlango umeondolewa pamoja na ufunguo wake. Akampigia Fahadi simu, ikaita juu ya meza, chini ya cheti. Mwenyewe alikuwa mlimani, kwenye mnara.

Wimbo ukaisha. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja Bi Mwajabu alikuwa hewani bila tangazo la kusoma.

"Wasikilizaji," akasema, "matangazo yatachelewa kidogo. Tafadhali msizime redio."

Fahadi alirudi saa nne, anapiga mluzi.

"Vitufe vyangu viko wapi?"

"Aa, vile? Nimekusafishia, mama. Palikuwa pamejaa kama genge la nyanya."

"Nilikutuma?"

"Havijapotea, vimefichwa tu. Ona." Akabofya kulia juu ya dirisha, akatia tiki mbili, na vitufe vikarudi vyote. "Sekunde tatu."

"Sekunde zako tatu nimezingoja saa mbili nzima."

Akakibofya cha kwanza. Tangazo la juu kabisa lilikuwa la Issa: mzee amefariki, mazishi saa saba mchana, Pahi. Bi Mwajabu alimkatisha bwana shamba aliyekuwa hewani katikati ya maelezo ya mbolea, akalisoma mara tatu, polepole, akimtaja Zaituni kwa jina lake na la baba yake. Kisha akaomba Mungu kuwe na mtu anayesikiliza.

Saa moja jioni alisoma tangazo jingine kutoka Pahi. Familia inawashukuru wote waliohudhuria mazishi.

Kesho yake, kabla ya saa mbili, mwanamke mwenye matope hadi magotini aliingia studio bila kubisha. Bi Mwajabu hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Uliniambia nisizime," Zaituni alisema. "Nikangoja mpaka betri zikaanza kukoroma. Nikazima nibakize za jioni. Jioni nikasikia mnawashukuru watu kwa kumzika baba yangu."

Bi Mwajabu akamsogezea kiti. Fahadi ndiye aliyejibu.

"Dada, ni bahati mbaya. Mimi sikuchukua kitu cha mtu. Nilisafisha tu."

Zaituni akamgeukia. Hakupandisha sauti.

"Nilikuwa na baba wa kumuaga, umemchukua. Nilikuwa na uso wake wa kuutazama mara ya mwisho, umeuchukua. Asafishaye bila kuuliza ni mwizi mwenye ufagio."

Wimbo wa matangazo ulikuwa umeanza. Bi Mwajabu akavuta kipaza sauti.

"Utawaambia nini watu kuhusu jana?" Fahadi akanong'ona. "Sema ni mitambo, mama."

"Mitambo haina mikono, mwanangu."

Akafungua hewa. Aliomba radhi kwa Zaituni, akamtaja Fahadi na alichofanya, kisha akarudia neno la mfiwa kama alivyolisikia. Siku hiyo hakuna shamba lililozima redio mapema, na kufikia jioni neno lilikuwa limevuka milima yote: asafishaye bila kuuliza ni mwizi mwenye ufagio.