Muhuri wa Punda wa Kapteni

Tegeni sikio, na mkicheka msinilaumu. Jeshi geni lilipouteka mji wa Mtondooni, askari wake waliwachapa raia viboko kama wanapura mpunga. Bi Somoe, mchora hina wa mji, akamwendea Kapteni Dugali.

"Bwana mkubwa, kwani hakuna sheria ya kutulinda?"

Kapteni akacheka. "Ipo ya kumlinda punda wangu. Kiumbe mwenye muhuri wangu hapigwi. Jana nilimtoa jela sajenti wangu, siku tatu kwa kumchapa punda fimbo moja!"

"Na ukimpiga wewe?"

"Hata mimi, ndani! Sheria ni msumeno."

"Makubwa! Basi nigongee huo muhuri kiganjani, nikawaonyeshe wenzangu, wasije wakamgusa punda kwa kutojua."

Kapteni akaugonga, tena akairudia amri ile gwarideni, mbele ya askari wote.

Siku tatu zikapita bila harusi hata moja, ila mji mzima ulinukia hina.

Ijumaa, Kapteni akamwinulia kiboko muuza mihogo. Muuza mihogo akafunua kiganja: muhuri, mwekundu, umekolea! Kapteni akamgeukia kinyozi: muhuri. Mpika uji: muhuri. Hata kikongwe mmoja kibogoyo akanyoosha mkono huku akichekelea.

"Nani kawachora?" Kapteni akanguruma, akamgeukia Bi Somoe. Kiboko kikashuka, kikagusa ncha ya kanga yake.

Sajenti akasogea na pingu, meno yote nje.

"Samahani, afande. Ni ule msumeno."